Nipeni Mpaka Mwisho wa Julai

Kuna maneno ambayo kijana anayeishi Nairobi bila mshahara huyajua kwa moyo. Nivumilie kidogo. Nisukumie hadi wikendi. Pesa ikiingia tu, wewe ndiwe wa kwanza. Nimemwambia landilodi, nimemwambia mama mboga, nimemwambia jamaa anayetuuzia intaneti ya ploti. Huwa tunayasema kwa sauti ya chini, tukitabasamu kidogo, kwa sababu aliye mbele yetu anaweza kukataa na hana haja ya kutoa sababu. Hadi mwaka wa 2024 sikujua kwamba kuna mmoja unayeweza kumwomba muda bila kutabasamu, na kwamba sheria yenyewe imeandika namna ya kumwomba. Naye ni mtoza ushuru.

Nianzie kwenye PIN. Wengi wa rika langu tuliichukua tukitoka tu sekondari, si kwa sababu tulikuwa na mapato, bali kwa sababu bila PIN ya KRA huwezi kuomba mkopo wa HELB. Nilikuwa na miaka kumi na minane na sikuwa nimewahi kulipwa hata mia tano na mtu asiye wa ukoo wangu. Nilipofika mwaka wa tatu karo ikanishinda, nikarudi nyumbani, kisha nikarudi jijini kuandika vibarua. Jina langu likatoka kwenye orodha ya chuo. Kwenye orodha ya KRA halikutoka. Kila mwaka, kabla ya usiku wa tarehe 30 Juni, PIN ile inataka kuelezwa ulipata nini mwaka uliotangulia. Ukinyamaza, faini kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Najua watu waliopata kazi yao ya kwanza, wakaenda kutafuta cheti cha kuonyesha hawadaiwi ushuru, wakakuta 2,000 ya kila mwaka waliokaa bila kazi inawangoja pale mlangoni.

Ndiyo maana mtaani kwetu Zimmerman, ikifika Juni, saiba zote hugeuka kuwa ofisi za ushuru. Anayechapisha picha za pasipoti na kulaminisha vyeti sasa ana foleni hadi barabarani. Unampa PIN na neno la siri, unampa mia moja au mia mbili, anabonyeza, anakupa karatasi. Ni ritani ya sifuri: sikupata kitu, sina cha kutoza. Kwa asiye na mapato kabisa, hiyo ni kweli na imeisha. Lakini katika foleni ile wamo pia madalali wa nyumba, wasusi, watu wa kupiga picha za harusi, na waandishi kama mimi. Nao wanapewa sifuri ileile, kwa bei ileile.

Mimi sikuwa na sifuri. Mwaka wa 2023 niliiandikia kampuni moja kwa miezi sita, Machi hadi Agosti. Ankara yangu ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwezi, lakini kwenye akaunti zilikuwa zinaingia 28,500. Ile 1,500 ilikuwa inakatwa kabla sijaiona, kwa sababu malipo ya kazi ya kitaalamu yakifika 24,000 kwa mwezi, anayelipa anatakiwa kuzuia asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa jina lako. Huo ndio ushuru wa zuio. Akishaipeleka, cheti kinatokea kwenye akaunti yako ya iTax, na cheti hicho ndicho ushahidi kwamba umeshalipa. Miezi sita mara 1,500 ni 9,000.

Sasa piga hesabu pamoja nami, maana hapa ndipo mambo yalipo. Hizo ni 180,000. Vibarua vingine vidogovidogo vya mwaka mzima, ambavyo havikufika kiwango cha kukatwa, vilinipa 84,000. Jumla 264,000. Shilingi 288,000 za kwanza kwa mwaka hutozwa asilimia 10, kwa hivyo ushuru wangu ungekuwa 26,400. Lakini kila mkazi anapunguziwa shilingi 28,800 kwa mwaka. Ukitoa, hakuna kinachobaki. Hata kabla sijahesabu stima na bando, sikudaiwa chochote, na ile 9,000 iliyokatwa ilikuwa yangu kurudishiwa.

Mwanzoni mwa Mei 2024, nikiwa nimeamua kumaliza mambo haya kabla ya msongamano wa Juni, nilifungua iTax nikakuta vyeti viwili. Machi na Aprili. Mei, Juni, Julai na Agosti hazikuwepo.

Nilifikiri ni mtandao. Nikafungua tena kesho yake. Viwili. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa cheti kinasema nini kisipokuwepo. Mimi nilikatwa 1,500 mara nne zaidi, naziona kwenye taarifa ya benki, lakini upande wa pili hakuna anayejua habari zake. Shilingi 6,000 zilitoka kwangu kwa jina la serikali, na kwenye kumbukumbu za serikali hazikuwa zimefika.

Nikampigia mhasibu wa kampuni. Nilimwita Madam, naye akaniita kijana, kama ilivyokuwa kawaida yetu.

"Madam, nakosa vyeti vinne vya zuio vya mwaka uliopita."

"Tutakutumia."

"Lini, Madam? Nataka kufaili."

"Kijana, si uweke tu sifuri kama wenzako? Hizo ni pesa kidogo."

Nilikaa na simu mkononi kwa muda. Elfu sita ni nusu ya kodi yangu ya nyumba. Lakini si hizo zilizoniuma zaidi. Kilichoniuma ni kwamba aliyenikata ushuru ndiye aliyekuwa ananishauri niseme sikupata kitu. Nikiweka sifuri, ile 180,000 inapotea, na ile 6,000 inapotea nayo. Anayebaki amefaidi si mimi na si serikali.

Rafiki yangu, ambaye huniandalia picha za makala, alikuwa na ushauri wa pili, na huo ulikuwa na akili. "Buda, faili na vile vyeti viwili ulivyo navyo. Vingine vikija, unarekebisha." Na kweli sheria inaruhusu kurekebisha ritani uliyoiwasilisha. Ikiwa uko kwenye hali hiyo na umebaki na siku tatu, fanya hivyo, usingoje. Lakini mimi nilikuwa katikati ya Mei, na nilijua jambo moja kuhusu ofisi ile: nikishafaili, sina tena tarehe ya kumwekea mtu mezani. Nitakuwa mtu wa kupiga simu kila wiki akiulizia vyeti vya mwaka juzi, na kila wiki ataambiwa tutakutumia.

Nikaanza kusoma. Sheria ya Taratibu za Ushuru ni ya mwaka wa 2015, na kifungu cha 25 kinasema mtu anaweza kumwandikia Kamishna kuomba aongezewe muda wa kuwasilisha ritani. Kuna masharti, na yote yanaeleweka. Kwa ritani ya mwaka, ombi lifike angalau mwezi mmoja kabla ya siku ya mwisho. Kwa ritani za kila mwezi, siku kumi na tano kabla. Na uwe na sababu ya maana.

Sharti la kwanza ndilo lililonifikirisha. Ili uongezewe muda kwenye tarehe 30 Juni, lazima ujue kabla ya Mei kuisha kwamba Juni haitakutosha. Nani hujua hivyo? Anajua mwenye mhasibu. Kampuni kubwa ambayo wakaguzi wake hawajamaliza vitabu inajua mapema, na ina mtu wa kuandika barua. Lakini shida za mtu wa vibarua hazitoi notisi. Simu inaibwa Ngara tarehe 20 Juni ikiwa na rekodi zote za M-Pesa. Mtoto analazwa. Kufikia hapo mlango wa kuomba muda umefungwa wiki tatu zilizopita, na kilichobaki ni foleni ya saiba na sifuri yake. Mwaka ule, mvua za Aprili zilikuwa zimefurika Mathare na mitaa mingine ya mtoni, na watu walipoteza magodoro, sare za shule na kila karatasi waliyokuwa nayo. Wao walikuwa na sababu ya maana, tena kwa wakati. Sidhani kuna aliyepita kwenye matope yale akiwaambia kuna kifungu cha 25.

Nikakaa kuandika. Barua ya kuomba muda si ngeni kwangu. Nikiwa chuoni niliandika moja, kuomba nivumiliwe karo hadi bonasi ya majani chai ilipwe nyumbani. Ilikuwa na kurasa mbili. Niliweka ugonjwa wa baba, niliweka wadogo zangu watatu, niliweka alama zangu za mwaka wa pili, nikamalizia kwa kuwaombea baraka. Jibu lilikuja mtihani ukiwa katika wiki yake ya pili, na lilikuwa na mstari mmoja. Sikuisoma kwa hasira wakati ule. Nilidhani labda sikunyenyekea vya kutosha.

Ya ushuru mkono ulitaka kuiandika vilevile. Nikakumbuka kwamba huku siombi huruma. Sheria inataka kujua mambo machache, basi nikayaandika kwa mpangilio wake. Mimi ni fulani, PIN yangu ni hii. Ritani yangu ya mwaka wa 2023 inatakiwa tarehe 30 Juni 2024. Naomba muda hadi tarehe 31 Julai 2024. Sababu: nilikatwa ushuru wa zuio mara sita, vyeti vilivyopo ni viwili, na nimemwandikia aliyenikata nikiomba vinne vilivyobaki. Nimeambatisha ankara sita, taarifa ya benki inayoonyesha kilichoingia, na nakala ya barua pepe zangu. Asante. Ukurasa mmoja, na nafasi ikabaki. Baba hakuwemo. Majani chai hayakuwemo. Niliituma Ijumaa, tarehe 24 Mei.

Kabla sijasema kilichofuata, kuna jambo ambalo wengi hulichanganya na linaweza kukugharimu. Muda unaoongezwa ni wa karatasi. Pesa haziongezewi muda. Kwa mtu binafsi, ushuru uliosalia wa mwaka unatakiwa kulipwa kufikia tarehe 30 Aprili, miezi miwili kabla ya ritani yenyewe. Tuseme ulibaki na deni la 10,000. Hata ukipewa hadi Desemba kufaili, deni lile linahesabiwa tangu Aprili: asilimia 5 ya kuchelewa kulipa, yaani 500, na riba ya asilimia 1 kila mwezi, yaani 100. Barua yako nzuri haitasimamisha hata shilingi moja ya hizo. Kwangu halikuwa tatizo kwa sababu sikudaiwa. Lakini kama unadaiwa, lipa unachoweza kwanza, ndipo uombe muda wa kupanga karatasi.

Jibu lilikuja Juni 12. Nimeongezewa muda hadi Julai 31.

Na Juni ile ndiyo Juni mnayoikumbuka. Nchi nzima ilikuwa inazungumza ushuru. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka mkate utozwe asilimia 16, ulitaka wenye magari watozwe asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, na watu waliokuwa hawajawahi kufungua sheria yoyote wakawa wanasomeana vifungu kwenye simu, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa lugha za nyumbani. Tarehe 25 ilikuwa Jumanne. Waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakapigwa risasi wakafa, intaneti ikazorota nchi nzima. Kesho yake Rais akatangaza hatatia saini. Siku nne baadaye ilikuwa tarehe 30, siku ya mwisho ya kufaili.

Kuna watu walioniuliza, na mmoja aliniuliza kwa kejeli, kwa nini unasumbuka na ritani wakati tunazika vijana kwa sababu ya ushuru. Swali hilo nimelibeba tangu siku hiyo na sitalijibu kwa wepesi. Ninachoweza kusema ni kwamba nilikuwa mjini Jumanne ile na barua ya kuongezewa muda ilikuwa kwenye simu yangu, na sikuona mambo hayo mawili yakipigana. Wale vijana walikuwa wanauliza pesa zinakatwa kwa nani na zinafika wapi. Mimi pia nilikuwa nauliza hivyo, kwa shilingi 6,000. Nikikubali kuandika sifuri, nimekubali kwamba swali lenyewe halina mwenyewe.

Tarehe 30 Juni 2024 ilikuwa na jambo jingine ambalo halikupigiwa kelele. Ndiyo siku uliyofika mwisho msamaha wa faini na riba ulioanza Septemba 2023, kwa waliokuwa na madeni ya hadi mwisho wa 2022. Kufikia Desemba ukarudishwa kwa sheria nyingine, ukaendelea hadi tarehe 30 Juni 2025, na mara hii ukafika hadi madeni ya 2023. Siupingi. Umewaokoa watu ninaowajua, wakiwemo wale wa 2,000 za kila mwaka. Lakini angalia jinsi tulivyozoeshwa. Kusamehewa baada ya kuchelewa hutangazwa redioni, hutumiwa ujumbe kwa simu, hubandikwa kwenye mabango. Kuomba muda kabla ya kuchelewa kumelala ndani ya kifungu, na tarehe yake hupita Mei bila mtu kuitaja. Tunajua sana kusamehewa. Kuomba kwa wakati, tukiwa wima, hatujafundishwa.

Jumatatu ya kwanza ya Julai nilienda Westlands hadi ofisi ya ile kampuni. Sikupiga simu. Nilimkuta Madam kwenye meza yake, nikamsalimia, nikaiweka barua mbele yake. Akaisoma mara mbili.

"Mpaka tarehe 31? Wamekuandikia hivyo?"

"Ndiyo, Madam. Na hizi ndizo ankara nilizowatumia pamoja na ombi, na hizi ndizo barua pepe zangu kwako."

Hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na bosi wa kumwambia subiri. Nadhani hata yeye alihitaji karatasi ya kumpelekea mtu. Akaipiga picha barua, akaniambia nimpe wiki mbili. Nikamwambia sawa, na kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa naombwa muda.

Tarehe 18 Julai vyeti vitatu vilitokea kwenye akaunti yangu kwa mpigo: Mei, Juni na Julai. Tarehe 25, siku sita kabla ya muda wangu kuisha, nilifaili. Mapato 264,000. Ushuru sifuri, lakini sifuri iliyofika hapo kwa hesabu. Kilichokatwa na kuthibitishwa, 7,500, cha kurudishiwa. Kudai marejesho hayo ni safari yake, nitaiandika siku nyingine.

Cheti cha Agosti hakijatokea hadi leo. Shilingi 1,500. Nimeshaambiwa mara nyingi niachane nazo, na huenda siku moja nitaachana nazo. Kwa sasa kila robo ya mwaka namwandikia Madam mistari miwili, kwa adabu, na namba ya ankara juu.

Mei mwaka huu yule rafiki yangu wa picha alinitumia ujumbe usiku. Hoteli fulani ilikuwa imemkata zuio la mwaka mzima na hakuona cheti hata kimoja. Akauliza kama bado nina ile barua. Ilikuwa tarehe 19, kwa hivyo alikuwa na siku kumi na moja. Nikamtumia. Nikamwambia abadilishe jina, PIN na tarehe, na sababu aandike iliyo yake, asinakili yangu. Akaniuliza kama aongeze pale mwisho kwamba mkewe amejifungua juzi.

Nikamwambia hongera sana, msalimie mama mtoto. Ila kwenye barua, hapana. Weka ankara.